Salamu za Mapenzi: Jina la Utunzi Mmoja wa Piano na Taabu za Tafsiri Yake

Utunzi tunaokusudia kuujadili ni mfupi sana. Mpigaji asiye na haraka humchukua kama dakika tatu. Uliandikwa na Mwingereza Edward Elgar mwaka 1888, ukachapishwa na kampuni ya Schott ya Ujerumani mwaka uliofuata, na tangu hapo haujaacha kupigwa. Jina lake linalojulikana zaidi ni la Kifaransa, Salut d'amour. Jina la kwanza, lile lililotoka kwa mtunzi mwenyewe, ni la Kijerumani, Liebesgruss. Majina yote mawili yana sehemu mbili, salamu na mapenzi, na mtu angedhani kwamba mtafsiri wa Kiswahili akitakiwa kuliandika katika ratiba ya tamasha, katika kitabu cha shule au katika maelezo ya redio, atamaliza kazi kabla chai yake haijapoa. Haimalizi. Neno la pili litamzuia, na kabla hajalifikia atakuwa ameshajikwaa mara mbili: katika jina la ala, na katika jina la zama.

Tuanze na ala. Hapa kwetu Iyunga, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kama ilivyo katika Nyanda za Juu za Kusini kwa jumla, mtu akiambiwa kwamba utunzi fulani ni wa "kinanda" hukumbuka kwanza ala ya kanisani. Misheni ya Wamoravian ilifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na katika ibada zilizoenea kutoka vituo vya namna hiyo watu walizoea kinanda cha upepo, kile cha kukanyagwa kwa miguu. Pwani neno hili ni la kale zaidi, na maana yake ilikuwa nyingine kabisa: kinanda cha Lamu na Unguja kilikuwa ala ya nyuzi ya kupigwa kwa vidole, jamaa ya gambusi. Baadaye neno likabebeshwa kila chenye vibonye, likabebeshwa ogani na akodioni, na hata mashine ya kupigia santuri ikaingia humo humo. Neno linalochukua nyuzi, upepo na umeme kwa pamoja latosha kwa mazungumzo. Kwa istilahi halitoshi.

Pengine msomaji ataona kwamba tofauti hiyo ni ya mafundi tu. Sivyo, na utunzi huu ni ushahidi mzuri. Katika kinanda cha upepo sauti hudumu kadiri kidole kinavyobaki juu ya kibonye na miguu inavyosukuma hewa. Katika piano nyundo ndogo hugonga uzi kisha huuacha, na tangu nukta hiyo sauti inakufa. Mpigaji hana uwezo wa kuikuza tena. Elgar aliuandika utunzi wake kwanza kwa fidla na piano, naye mwenyewe alikuwa mpigaji wa fidla, ala ambayo upinde wake huweza kuikuza sauti iliyokwisha kuanza. Alipoutoa pia kwa piano peke yake, mahadhi marefu ya kuimbika yalikabidhiwa ala inayoisahau kila noti punde baada ya kuitamka. Kinachoyaokoa ni sindikizo. Haliingii juu ya pigo bali nyuma yake kidogo, likijaza nafasi ambamo noti ya juu imeanza kufifia, hata sikio likadanganyika na kuamini kwamba mahadhi hayajakatika. Hapo ndipo penye ufundi wote wa kazi hii. Ukiipiga katika kinanda cha kanisani, noti ya juu haififii, nafasi haipatikani, na sindikizo lile lililokuwa pumzi linageuka msongamano. Msomaji aliyeambiwa "utunzi wa kinanda" na akasikia kichwani mwake kinanda cha kanisani kwao, basi hakusikia utunzi huu. Kwa hiyo twashauri neno "piano" libaki lilivyo, nalo "kinanda" liachiwe kazi zake nyingi ilizonazo tayari.

Kuhusu neno "utunzi" hatuna maneno mengi. Wengine husema "kipande cha muziki". Lakini kipande ni kitu kilichokatwa kutoka kizima, na kwa wazee wetu ni cheti cha kazi cha enzi ya ukoloni. Utunzi huu haukukatwa popote.

Kikwazo cha pili ni zama. Vitabu vya historia ya muziki humweka Elgar katika sehemu ya mwisho ya zama ambazo Wazungu huziita kwa jina linalotokana na Romantiki. Mwanafunzi akitakiwa kulitafsiri jina hilo, na akichungulia matumizi ya kila siku, atakuta kwamba filamu, wimbo au chakula cha jioni cha namna hiyo huitwa cha "kimapenzi". Basi ataandika kwamba Elgar alitunga "muziki wa kimapenzi", na kwa bahati mbaya sentensi yake itaonekana kuwa sahihi kwa kuwa utunzi huu kweli wahusu mapenzi! Kosa litafichuka atakapofika kwa Franz Liszt na utunzi wake juu ya ngoma ya kifo, Totentanz, ambao ni wa zama hizohizo na hauna mapenzi yoyote ndani yake. Zama hizo ziliipa nafasi kubwa hisia ya mtu binafsi, iwe hofu, huzuni, uzalendo au kustaajabia milima na dhoruba. Mapenzi ni mojawapo tu.

Wahakiki wa fasihi wamejaribu "ulimbwende". Twaiheshimu juhudi hiyo, walakini neno hilo limepata mume mwingine: magazeti yetu humwita mshindani wa mashindano ya urembo "mlimbwende", na mlimbwende wa zamani zaidi ni mtu wa kujipamba. Aliyeambiwa kwamba Tchaikovsky, aliyemaliza simfoni yake ya tano mwaka huohuo wa 1888, alikuwa mlimbwende, atauliza alivaa nini. Sisi twaunga mkono "Uromantiki". Ni neno la kukopa, halina uzuri wa pekee, lakini halidanganyi. Na pale ambapo lugha nyingine hutumia kivumishi chenye maana ya kuchelewa, ambacho katika Kiingereza ni kilekile cha kumtajia mtu aliyekufa, Kiswahili hakina haja ya kivumishi chochote. Twasema "mwishoni mwa zama za Uromantiki". Mwenye kuandika "Uromantiki marehemu" atakuwa ameuzika mapema.

Sasa tulifikie jina lenyewe. Kwa kuwa maana ya jina la utunzi haipatikani katika kamusi peke yake, yafaa tuseme jinsi lilivyozaliwa. Elgar alikuwa mwana wa fundi wa kurekebisha piano aliyekuwa na duka la muziki mjini Worcester. Kuanzia mwaka 1886 alimfundisha Caroline Alice Roberts, binti wa meja jenerali aliyetumikia jeshi la Uhindi. Bibi huyo alizaliwa mwaka 1848, mwalimu wake mwaka 1857. Jamaa zake hawakupendezwa: kijana ni mdogo kwa umri, ni mtoto wa muuza duka, tena ni Mkatoliki. Katika kiangazi cha 1888 Elgar aliutunga utunzi huu, akaupa jina la Kijerumani kwa kuwa Bi. Alice aliijua vema lugha hiyo, na mwezi wa Septemba akampa kuwa zawadi ya uchumba. Walioana Mei 1889. Jina la Kijerumani, kwa hiyo, halikuwa la soko. Lilikuwa la mtu mmoja, katika lugha ambayo mtu huyo angeifurahia.

Mchapishaji aliona vingine. Jina la Kifaransa likawekwa mbele, la Kijerumani likashushwa chini yake, na jina la mtunzi likafupishwa kuwa "Ed. Elgar", ambalo halionyeshi sana kwamba mwenyewe ni Mwingereza. Utunzi ukanunuliwa kwa wingi katika nchi nyingi. Mtunzi, aliyekuwa amekwisha kuiuza haki yake kwa malipo ya mara moja, hakupata kitu katika wingi huo. Tumeitaja habari hii kwa sababu watafsiri wetu huliogopa jina la Kifaransa kana kwamba ndiyo asili isiyoguswa. Asili siyo hiyo. Nayo ni tafsiri, tena tafsiri ya biashara, na mtafsiri wa Kiswahili ana haki ya kupita nyuma yake hadi kwenye jina la Kijerumani.

Neno la kwanza halina shida, bali lina neema. Kijerumani kina neno moja la kumsalimu aliye mbele yako na la kumpelekea salamu aliye mbali. Sisi twatofautisha. Maamkio yataka watu wawili wanaoonana, nayo hufuata umri na cheo: mdogo huanza, mkubwa huitikia. Salamu hutumwa. Huandikwa katika barua, husomwa redioni, hupewa msafiri azipeleke. Na salamu hazina ngazi. Mkubwa humtumia mdogo, na mdogo humtumia mkubwa, kwa neno lilelile. Ukiyafikiri mahali alipokuwa Elgar, mwana wa duka mbele ya binti wa jenerali, utaona kwamba kwa mizani ya kwetu yeye ndiye aliyepaswa kuanza kuamkia na kungoja aitikiwe. Hakuamkia. Alituma kitu kisicho na ngazi. "Salamu" ni neno sahihi kuliko alivyoweza kujua yeye mwenyewe, na Kifaransa hakina lililo sawasawa nalo.

Kwa neno la pili watafsiri hugawanyika, na kila kundi lina neno lake: upendo, mahaba, mapenzi.

Wanaochagua "Salamu za Upendo" aghalabu ni walimu, na sababu yao ni haya. Neno upendo ni safi. Laweza kuandikwa ubaoni mbele ya watoto. Lakini masikio yetu yana kumbukumbu. Salamu za upendo ndizo zinazofungua waraka wa askofu na barua ya mweka hazina wa kwaya anayekumbusha michango. Aonaye jina hilo katika ratiba atangojea sala. Bi. Alice hakupelekewa waraka.

"Salamu za Mahaba" ni chaguo la wapenda mashairi, nasi hatulidharau. Mahaba na huba zimetoka shina moja la Kiarabu, na taarabu imeyafanyia kazi maneno hayo kwa ustadi ambao lugha nyingi zingeutamani. (Wanafunzi huuliza kama "marahaba" ya kuitikia shikamoo ni ndugu wa "mahaba". La, yamefanana kwa sauti tu, shina la marahaba ni la ukaribisho na wasaa.) Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake za Kiswahili, alirekodi kwa kampuni ileile ya santuri ambayo Elgar aliiongozea kazi zake mwenyewe. Muziki wa wawili hao haufanani hata kidogo, ila kwa jambo moja. Katika taarabu ujumbe huimbwa mbele ya watu wote, ilhali mlengwa ni mmoja naye hatajwi. Amefichwa katika fumbo. Elgar naye aliuweka wakfu utunzi wake kwa "Carice", jina ambalo halikuwa la mtu. Ni Caroline na Alice yaliyounganishwa na kufupishwa. Ulaya nzima ilinunua karatasi zile, mlengwa akibaki mmoja. Msikilizaji wa Unguja angeielewa hila hiyo bila mwalimu.

Hata hivyo mahaba twayakataa, kwa ushahidi wa muziki wenyewe. Mahaba ni moto, na moto hautulii. Utunzi huu hutulia. Mahadhi yake huanza kwa upole katika ngazi ya E kuu na hayatafuti mbali. Katikati huhamia G kuu, si jirani wa karibu, na hapo pana wasiwasi kidogo, kama mtu aliyeuliza swali akaona jibu linakawia. Kisha hurudi nyumbani. Karibu na mwisho sauti hupanda kwa nguvu ambayo hatukuitazamia. Mpigaji asiye na adabu huishia hapo, kwa kuwa huo ndio mlango wa makofi. Lakini kilichoandikwa ni kushuka tena, kurudi nyuma, na kumaliza kwa sauti ndogo. Nguvu ipo na imezuiwa, wala haikuzimwa. Mtu anayetaka na anayeheshimu kwa wakati mmoja hatuna neno lake isipokuwa mapenzi.

Na hapa tuseme lililotufanya tuandike makala haya. Neno mapenzi linaporwa. Katika taarifa za habari, katika hati za mahakama, katika vipeperushi vya afya na katika barua za ofisi zetu wenyewe, "uhusiano wa kimapenzi" umekuwa njia ya adabu ya kutaja tendo la kujamiiana, mara nyingi pale penye kosa la jinai. Kila karani atumiapo hivyo huona kwamba amekwepa neno zito. Kweli amelikwepa, lakini uzito wake ameutwika neno lingine. Mwalimu naye, akiona mapenzi yamechafuka, hukimbilia upendo. Na mwandishi wa magazeti ya udaku hubaki peke yake na neno, akilifanya apendavyo. Mwisho wa njia hii ni lugha yenye neno la kanisani na neno la mahakamani, isiyo na neno la mtu na mchumba wake.

Tena hasara haiishii kwa wachumba. Liszt, tuliyemtaja, alichapisha mwaka 1850 tunzi tatu za piano kwa jina moja, Liebesträume, ambalo kwetu lingekuwa "Ndoto". Ndoto za nini? Zilikuwa nyimbo kabla ya kuwa tunzi za piano, na mashairi yake yajulikana. La kwanza, la Uhland, lahusu mapenzi matukufu ya aliyeuacha ulimwengu kwa ajili ya mbingu. La pili, pia la Uhland, ni la mtu aliyekufa kwa raha mikononi mwa mpenzi wake. La tatu, la Freiligrath, ndilo lililozaa utunzi mashuhuri unaopigwa kila mahali, na wengi huudhania kuwa ni wa wapenzi wawili. Kumbe shairi lamwonya mtu yeyote kumpenda yeyote aliye wake angali hai, na kuuzuia ulimi wake, kwa kuwa siku ya makaburini majuto hayatasikiwa. Hiyo yamhusu mama, ndugu na rafiki. Upendo hauwezi kulibeba shairi la pili. Mahaba yaweza kulibeba la pili, na pengine hata la kwanza, kwani watunzi wa kasida za pwani husema mahaba ya Mtume bila kigugumizi. Lakini la tatu yatalishindwa, maana hakuna amwambiaye nyanya yake mgonjwa kwamba ana mahaba naye. Neno lililoweza kuyabeba yote matatu ni mapenzi: mapenzi ya mama, mapenzi ya nchi, mapenzi ya mume na mke. Na mapenzi ya Mungu, ambayo maana yake ni matakwa yake, yatukumbusha kwamba ndani ya neno hili mna kuamua pia. Bi. Alice aliamua, na jamaa zake walilijua hilo.

Jirani zetu Wanyakyusa hawana taabu hii. Ulugano ni neno moja, nalo huenda kanisani, jikoni na uchumbani bila kubadili nguo. Mwanafunzi wa huku akitafsiri kutoka Kijerumani kwa kupitia lugha ya mama yake angefika salama; akipitia Kiswahili cha ofisini anapotea. Si jambo la kujivunia kwa lugha ya taifa.

Baraza laweza kufanya nini? Orodha za Tafsiri Sanifu, zilizoanza kutolewa miaka ya 1970, zimetusaidia sana katika kodi, sheria na vipuri vya mitambo, ambako neno moja la kigeni hupewa neno moja la Kiswahili na kazi ikaendelea. Kwa maneno ya namna hii orodha ya safu mbili haitoshi. Twapendekeza kwamba chini ya "mapenzi" pawekwe maelezo ya matumizi, yakitaja wazi kwamba "uhusiano wa kimapenzi" si istilahi ya kisheria, na kwamba palipokusudiwa kujamiiana pasemwe kujamiiana. Neno hilo lipo, ni la heshima, na hakimu hatalionea haya. Kadhalika, chini ya "kimapenzi" pawekwe onyo kwamba halitafsiri jina la zama wala la mtindo wa sanaa.

Limebaki dogo. Tumewahi kuona "Salamu ya Mapenzi", kwa hoja kwamba Kijerumani na Kifaransa vimetumia umoja. Sarufi yaruhusu, mazoea yakataa. Salamu zikitumwa hutumwa kwa wingi, na aliyepokea husema zimefika. Kwa hiyo katika ratiba paandikwe hivi: Edward Elgar, Salamu za Mapenzi, utunzi wa piano, 1888. Chini yake "kwa Carice", bila maelezo. Mwaka 1890 jina hilo la fumbo lilipewa mtoto wao wa kike.